Malalamiko kuhusu sura ya kambi ya majira ya baridi katika kitabu chenu cha vita vya Marekani

Kwa Meneja Uhariri,
Kampuni ya Uchapishaji.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari. Shule yetu imenunua kwa ajili ya maktaba nakala za kitabu chenu cha picha kuhusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Sura za mapigano hazina neno. Ninachokilalamikia ni sura ya majira ya baridi ya 1862 na 1863, ambayo inawaambia wanafunzi kwa aya moja tu kwamba baada ya kushindwa katika mapigano ya Fredericksburg, mji wa jimbo la Virginia, askari wa Kaskazini (upande wa serikali ya Muungano) walipumzika kambini hadi baridi ilipopungua.

Hawakupumzika. Jeshi la Potomac, yaani jeshi hilo la Kaskazini, lenye watu zaidi ya laki moja, lilipiga kambi Falmouth na vitongoji vyake, ng'ambo ya mto Rappahannock kutoka Fredericksburg. Picha yenu inaonyesha mahema meupe yaliyopangwa kwenye theluji safi, ilhali askari walijijengea vibanda vya magogo, wakaziba mianya kwa udongo, wakaezeka kwa turubai za mahema yao na kusimamisha dohani za vijiti vilivyokandikwa tope. Juu ya dohani wengine waliweka pipa tupu ili moshi uvutike vizuri, na pipa hilo liliposhika moto, waliokuwa ndani walitoka mbio kuliangusha kabla paa halijateketea. Misitu ya jirani ilikatwa ikaisha, na kadiri wiki zilivyopita kuni zilifuatwa mbali zaidi.

Kuhusu chakula kitabu hakisemi lolote, na hapo ndipo ninaposikitika zaidi, kwa sababu mwanafunzi huyaelewa maisha ya mtu anapojua alikula nini. Askari alipewa nyama ya nguruwe ya chumvi, kahawa, na biskuti za unga na maji zilizokuwa ngumu kiasi cha kuhitaji kuvunjwa kwa kitako cha bunduki. Alisaga buni kwa kitako hicho hicho, akachemsha kahawa yake katika kopo, kisha akalowesha biskuti humo; fukusi walioelea juu aliwaengua, akanywa.

Mnamo Januari 20, 1863, Jenerali Burnside, kamanda wa Jeshi la Potomac, aliliondoa jeshi hilo kambini akitaka kuvuka mto mahali pengine. Mvua ikanyesha mfululizo, mizinga na magari ya kukokotwa na nyumbu yakazama kwenye matope, na baada ya siku chache askari wakarejea Falmouth wamelowa na kukata tamaa. Wengi walikuwa hawajalipwa mishahara kwa miezi kadhaa, huku barua za wake zao zikieleza shida za nyumbani. Wengi wakatoroka. Jenerali Hooker, aliyeshika nafasi ya Burnside siku chache baadaye, alianza kwa kuleta mikate laini, viazi na vitunguu, kutoa likizo na kusimamia usafi wa kambi, na hilo peke yake linatosha kuonyesha ni nini kilichokuwa kikiwamaliza watu wake. Katika vita hivyo, kwa kila askari wa Kaskazini aliyekufa kwa risasi au majeraha, takriban wawili walikufa kwa maradhi kama kuhara, homa ya matumbo na nimonia. Kitabu kinachoiita miezi hiyo mapumziko kinawasahau marehemu wengi.

Hata doria za mtoni, ambako askari wa pande mbili walivushiana kahawa na tumbaku kwa vimashua vidogo licha ya kukatazwa na wakubwa wao, hazikutajwa, ingawa wanafunzi wangu wangelikumbuka jambo hilo kuliko tarehe yoyote.

Kwa hiyo naomba sura hiyo iandikwe upya na picha yake ibadilishwe katika toleo lijalo. Kwa sasa, naomba mzitumie shule zote zilizonunua kitabu hiki ukurasa wa masahihisho bila malipo. Aidha, naomba jibu la maandishi kabla ya muhula ujao kuanza, kwa kuwa ndipo nitakapoifundisha mada hii tena.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Historia