Barua kwa Mjomba: shimo liko dimbani

Manchester
Jumanne, 16 Septemba 2025

Shikamoo Mjomba,

Natumai barua hii itawakuta salama wewe na mkaza mjomba na wote hapo Tanga. Huku sote wazima, ila baridi imeshaanza kubisha hodi.

Sauti zako za Jumapili usiku, baada ya Manchester City kutufunga 3-0, nimezisikiliza zote tatu, hata ile ya mwisho ambayo hukusema neno, ulisonya tu. Umeuliza mambo matatu: kama huyu Amorim, kocha wetu wa Manchester United, ana akili timamu, kwa nini mamilioni yale yote ya usajili yametoka na katikati bado pako wazi, na kwa nini hatimuliwi. Nakujibu kwa maandishi, maana kwa simu tutaishia kubishana na salio litakatika.

Kwanza niwatetee mabeki watatu, kwa sababu najua hapo kibanda umiza wao ndio wanaotukanwa. Mfumo wenyewe hauna kosa. Kocha Conte alichukua ubingwa wa England na Chelsea msimu wa 2016/17 kwa mabeki watatu, akashinda mechi 30 kati ya 38. Crystal Palace ya kocha Glasner imechukua Kombe la FA Mei mwaka huu, imemfunga City 1-0 Wembley, na inacheza 3-4-2-1, yaani ule ule wa Amorim, nafasi kwa nafasi. Palace hao hao walikuja Old Trafford tarehe 2 Februari wakashinda 2-0. Siku hiyo Amorim alimsimamisha Mainoo, kiungo, acheze namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, huku washambuliaji Højlund na Zirkzee wakiwa benchi. Kwa hiyo tulipigwa na mfumo wetu wenyewe, ukichezwa na watu walionunuliwa kwa ajili yake.

Sasa fanya hivi. Chukua visoda ishirini vya rangi mbili, vipange mezani, makipa waache. Vya United vitatu nyuma, vinne mstari wa kati, viwili mbele yao, kimoja kileleni. Vya wapinzani panga 4-3-3 ya kawaida: mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu. Tazama pale dimbani penyewe, katikati ya uwanja, uwaache wa pembeni. United wako wawili, wao watatu. Uwanja una upana wa mita 68. Wawili wakigawana, kila mmoja ana mita 34 za kulinda. Watatu wakigawana, kila mmoja hafikishi 23. Hizo mita 11 zinazozidi ndizo anazopokelea mpira yule kiungo wao wa tatu, anageuka, anainua kichwa, anachagua wa kumpa. Wewe huko kwenye runinga unaona beki amekatika, unamtukana beki. Kosa limeshafanyika sekunde nne nyuma, mahali ambapo kamera imeshapaacha.

Shimo hilo linazibika kwa njia tatu, na kila njia ina gharama yake. Beki mmoja kati ya watatu apande amfuate yule mtu. Akichelewa hatua moja, nyuma yake ni barabara ya lami. Au mmoja wa wale wawili walio nyuma ya namba tisa arudi chini. Akirudi, beki wa kati wa wapinzani anabaki bila mtu na anatembea na mpira hadi nusu yetu kama anakwenda sokoni. Au beki wa pembeni, huyu wa kupanda na kushuka, aingie ndani. Hapo winga wao na beki wao wa pembeni wanabaki wawili dhidi ya mmoja. Timu iliyouzoea mfumo huchagua njia papo hapo bila mtu kumtazama mwenzake. United wanatazamana. Bao la kwanza la City ndilo hilo hilo: Doku kaletewa mpira, kapewa muda, Foden kamponyoka kiungo wetu Bruno akaingia kwenye boksi peke yake, kichwa, dakika ya 18. Haaland akaongeza mawili kipindi cha pili.

Usimlaumu sana Bruno. Yeye ni namba kumi, mchezeshaji wa nyuma ya mshambuliaji, tangu azaliwe, msimu uliopita alifunga mabao 19 katika mashindano yote, timu ikiwa chini kwenye msimamo. Unamchukua mtu wa namna hiyo unamweka dimba la chini na kumwambia alinde mgongo wa mtu. Atalinda dakika ishirini, kisha damu yake itampeleka mbele. Pembeni yake ni Ugarte, mkata umeme kweli kweli, anayejua kupokonya, ila akishapokonya mpira humchukua muda kujua aupeleke wapi. Casemiro ana miaka 33; akili anayo, miguu inamdai. Ukiwachanganya wawili wowote kati ya hao watatu unapata mmoja asiyekaba na mmoja asiyekimbia, au mmoja asiyepiga pasi.

Huko Sporting ya Ureno, alikotoka Amorim, jambo hili halikuonekana. Ureno timu nyingi zilikuwa zikijifungia nyuma zikicheza na Sporting, kwa hiyo wale viungo wawili walikuwa na kazi ya kusambaza mpira zaidi kuliko kukimbizana na watu. Palhinha alipokuwepo, 2020/21, alifagia peke yake, na pembeni walikuwepo Nuno Mendes na Pedro Porro, watu waliozaliwa kupanda na kushuka. Wakachukua ubingwa ambao Sporting haikuuona kwa miaka 19. England hata timu ya mwisho inakimbia. Na Porro huyo huyo alikuwa upande wa Tottenham Mei 21 kule Bilbao tulipopoteza fainali ya Europa. Sijui kama mliliona hilo huko.

Sasa usajili, na hapa ndipo hasira ya watu wa huku ilipo hasa. Ten Hag, kocha aliyemtangulia Amorim, aliongezewa mkataba Julai 2024. Wakamnunulia Yoro, De Ligt, Mazraoui, Zirkzee na Ugarte. Wakamtimua Oktoba 28, wiki chache tu baada ya dirisha kufungwa. Yeye na wasaidizi wake wakalipwa pauni milioni 10.4 kwenda zao. Amorim akaja Novemba kwenye kikosi chenye Rashford, Garnacho na Antony, mawinga watupu, na mfumo wake hauna winga. Ni kitambaa kilichokatwa shati, fundi anaambiwa ashone kanzu. Beki wa pembeni wa kushoto akawa Dalot, kiraka anayetumia mguu wa kulia: kila akifika kwenye mstari lazima arudishe mpira ndani kabla ya kupiga krosi, na hapo mabeki wa wapinzani wameshajipanga. Dirisha la Januari wakamleta Dorgu kutoka Lecce. Mwisho wa msimu mnaujua: nafasi ya 15, pointi 42, tumefungwa mechi 18, mabao 44 tu ya kufunga. Hatujashika nafasi mbaya namna hiyo tangu timu iliposhuka daraja 1974.

Ndipo kiangazi wakafungua mkoba. Cunha pauni milioni 62.5, Mbeumo 65 na nyongeza, Šeško karibu 66 na nyongeza, kisha siku ya mwisho ya dirisha kipa Lammens kutoka Antwerp kwa kama milioni 18. Nisiwaonee, kununua mbele kulikuwa na sababu. Højlund na Zirkzee msimu mzima wa ligi walifunga saba wakijumlishwa pamoja. Mbeumo peke yake alikuwa na 20 Brentford, Cunha 15 Wolves. Njaa ilikuwa ya mabao na chakula kimeletwa. Lakini ukimnunua Cunha na Mbeumo, umenunua watu wawili wa nafasi zile mbili nyuma ya namba tisa, na umeziba mlango wa kiungo wa tatu kwa mikono yako mwenyewe. Nani atamweka nje mtu wa milioni 60 ili dimba lipumue? Kila siku mnabishana kama mbovu ni kocha au ni usajili, na mimi sioni pa kuvitenganisha. Walinunua kulingana na mchoro, sasa mchoro haubadiliki kwa sababu ya kilichonunuliwa.

Kiungo waliyemtaka hasa ni Baleba wa Brighton. Brighton hawakumwachia, na hakuna kiungo mwingine aliyeletwa. Hapo ndipo nami husonya kama wewe.

Utauliza pia kwa nini klabu tajiri hivi inalia haina pesa. Hesabu yao inakwenda hivi. Mchezaji hahesabiwi kwa mkupuo. Ada yake inagawanywa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano. Milioni 65 za Mbeumo zikigawanywa miaka mitano ni 13 kila mwaka kwenye vitabu, mshahara mbali. Ligi msimu huu inaruhusu hasara ya milioni 105 kwa miaka mitatu, na hiyo ni iwapo mwenye klabu anatia fedha zake. Mtoto aliyelelewa klabuni hana ada kwenye vitabu, kwa hiyo ukimuuza pesa yote inaandikwa faida. Ndiyo maana McTominay aliuzwa Napoli 2024, akaenda kuchukua ubingwa wa Italia na tuzo ya mchezaji bora wa ligi, nasi tumebaki na tundu katikati. Sasa mchukue Antony: alikuja 2022 kwa karibu yuro milioni 95, mkataba wa miaka mitano. Kila mwaka 19. Baada ya miaka mitatu bado zimebaki 38 vitabuni, na Betis wamelipa kama 22 na nyongeza kidogo. Tofauti hiyo haipotei hewani, inaliwa na dirisha la mwaka huu. Kila usajili mbovu unalipiwa mara mbili, siku ya kununua na siku ya kuuza.

Mwaka jana, msimu ukiwa katikati, walipandisha tiketi zilizobaki hadi pauni 66 bila punguzo la mtoto wala mzee. Mtu aliyelipa hiyo 66 akiona milioni 10 zimekwenda kumfukuza kocha waliyemwongezea mkataba karibu miezi minne kabla, usitarajie atakaa kimya kitini.

Na Grimsby, mjomba, waliotutoa Kombe la Ligi mwezi uliopita. Daraja la nne. Mbili bila hadi mapumziko, tukasawazisha kwa taabu, tukatolewa kwa penalti 12-11. Mnacheka picha ile ya Amorim amekaa benchi mvua inanyesha, anasogeza visumaku kwenye kibao chake. Mimi sikucheka. Anasogeza visumaku vilivyo katika mistari ile ile mitatu minne, akitafuta jibu ndani ya mchoro ambao ndio swali lenyewe. Baada ya City kasema hatabadilika. Wakitaka mabadiliko, wambadilishe mtu.

Kwa nini hawambadilishi? Mkataba wake ni hadi 2027, kumwondoa ni fidia tena, na kikosi cha sasa kimeshanunuliwa kwa kipimo chake. Kocha wa mabeki wanne akija leo ataanza kulia kuwa hana mawinga, maana Garnacho yuko Chelsea, Rashford Barcelona, Sancho Villa. Watazunguka pale pale. Lakini pointi 31 katika mechi 31 za ligi ni pointi moja kwa mechi, na hata ungekuwa na subira ya Ayubu hesabu hiyo haipindishiki.

Kama ningekuwa na kibao kile, ningesogeza kisumaku kimoja tu. Rudi mezani kwako. Mabeki watatu usiwaguse. Chukua kisoda kimoja kati ya viwili vya nyuma ya namba tisa, kirudishe chini mita kumi, mpe jina la Mainoo. Sasa ni 3-5-2: Ugarte au Casemiro chini, Mainoo kando yake, Bruno mbele yao, huru. Dimba ni watatu kwa watatu. Mbele anabaki Šeško na mmoja, Mbeumo au Cunha. Mainoo anajua kupokea mpira akiwa na mtu mgongoni na kugeuka naye, kitu ambacho wengine wote pale hawana. Alianza fainali ya Euro 2024 akiwa na miaka 19. Mwisho wa Agosti aliomba aende kwa mkopo, wakamkatalia, na bado haanzishwi kwenye ligi. Hasara ya mpango huu ni kukaba juu: washambuliaji wawili hawawezi kuwabana mabeki wanne, kwa hiyo timu itasubiri katikati ya uwanja badala ya kwenda kuwasumbua golini kwao. Mimi hasara hiyo naipokea.

Jumamosi ni Chelsea, Old Trafford, saa moja na nusu usiku kwa saa za huko. Wahi kiti cha mbele. Dakika kumi za mwanzo usiufuate mpira, mfuate Palmer, mchezeshaji wao. Akishuka kati ya mistari tazama nani anamwendea. Akienda beki na akafika kabla ya mpira, basi kuna kitu wamekifanyia kazi mazoezini wiki hii. Wakitazamana, agiza chai mapema. Angalia pia golini ni nani. Kule City alidaka Bayındır na Lammens alikuwa benchi, na ubishi wako kuhusu makipa nitaujibu nikishamwona huyo mgeni akidaka.

Mkaza mjomba mwambie vitenge alivyoagiza nitampa jibu kwa simu. Wasalimie wote waniulizao, na visoda usivitupe.

Wako,
Mpwa wako