Jumamosi: kila mtu na chombo chake

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunakutana kwa mazoezi ya kuendesha vyombo vya tanga ufukweni Msasani saa 1 na nusu asubuhi, na safari hii mwalimu hapandi chombo cha mtu, atakuwa pembeni kwenye boti ya injini tu. Utafunga tanga mwenyewe, usome upepo, ushike usukani na kamba ya tanga, ubishe (yaani uende kinyume cha upepo kwa kukata pembe) mpaka boya la pili urudi.

1. Zoezi la kupinduka ni la wote. Chombo usikiachie hata kidogo, geuza pua ielekee upepo kwanza ndo ukanyage ule ubao wa chini ukiinue, maana tanga likishika upepo kitakulalia tena upande wako, nimeona watu wanachoka bure kwa hilo.
2. Laifu jaketi lazima, na maji ya kunywa.
3. Mafuta ya boti 10,000 kila mmoja.

Halafu kila mtu aangalie jedwali la maji mwenyewe aniambie siku hiyo yanajaa saa ngapi, jamani msinakiliane. Upepo wa kusi ukizidi nitaandika hapa saa 12 asubuhi tuahirishe.

Naomba uandike NIPO au SIPO na utume hela kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, wazazi wa wadogo pia mthibitishe. Asanteni sana 🙏