Mwanangu, kinanda kimfuate anayeimba

Mwanangu mpenzi,

Mama yako ameniambia kinanda kilifika Kisumu salama, na tangu kiteremshwe kwenye matatu hujataka mtu mwingine akiguse. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Najua ungependa niwepo nikuonyeshe, lakini kazi ya huku Nakuru hainiruhusu kabla ya Agosti, kwa hiyo soma barua hii ukiwa umeketi mbele ya kinanda, ujaribu kila ninachosema.

Niyamalize kwanza ya utunzaji. Tumia adapta iliyokuja nacho tu, hata kama nyingine inaingia vizuri. Stima ikipotea chomoa, na ikirudi usiharakishe kuchomeka. Usiku kifunike kwa leso, maana wale wadudu wa ziwa wakifuata taa huingia kwenye kila mwanya. Kucha zako ziwe fupi.

Sasa tazama vibonyezo. Piano kamili ina 88, hicho chako kina 61, lakini kwa kweli kuna 12 tu vinavyojirudia kutoka kushoto hadi kulia. Vyeusi ndivyo vinavyokuonyesha njia: viwili pamoja, kisha vitatu, kisha viwili tena. Cheupe kilicho kushoto tu kwa vile vyeusi viwili ni C. Kilicho kushoto kwa vile vitatu ni F. Zitafute C zote, ziko sita, halafu fumba macho uzitafute tena kwa kupapasa vyeusi. Ukishaweza hivyo hutahitaji kubandika karatasi zenye herufi juu ya vibonyezo. Sipendi karatasi hizo, kwa sababu macho yakizizoea vidole havijifunzi kitu.

Vidole vina namba: gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, mikono yote miwili. Weka gumba la kulia kwenye C ya katikati, yaani ya tatu kutoka kushoto, vidole vikiwa vimejikunja kidogo, kiwiko kikiwa sawa na vibonyezo. Piga C, D, E, vyeupe vinavyofuatana kwenda kulia, kwa 1, 2, 3. Hapa sasa ndipo penye kazi. Kidole cha 3 kikiwa bado kimeikalia E, gumba linapita chini ya kiganja na kuifikia F, kisha 2, 3, 4, 5 zinamalizia G, A, B, C. Ukirudi, cha 3 kinavuka juu ya gumba kwenda E. Sikiliza pale E inapopokewa na F. Ukisikia pengo, gumba limechelewa kuondoka. F ikitoka kwa kishindo kuliko wenzake, umerusha mkono mzima badala ya gumba peke yake. Punguza mwendo mpaka mtu aliye chumba cha pili asijue gumba limepita wapi. Mkono wa kushoto ukipanda unaanza na 5, 4, 3, 2, 1, kisha cha 3 kinavuka, halafu 2 na 1. Fanya mkono mmoja mmoja kwa siku kadhaa kabla ya kuiunganisha. Dakika ishirini kila jioni zinatosha, na zinashinda saa mbili za Jumamosi.

Sauti hizo unazijua tayari. Ni do, re, mi, fa, so, la, ti, do, zile zile mnazoimba kwaya ya watoto, nawe ukiwa upande wa alto. Kwa hiyo imba kwanza, ndipo ubonyeze. Sikio likitangulia, kidole kitafuata.

Na hapa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Utaona kitufe cha transipozi. Kazi yake ni kupandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima huku vidole vyako vikibaki palepale pa C. Wapo wapiga vinanda wengi makanisani wanaokitegemea miaka nenda miaka rudi, na ibada inaenda. Mimi nakuomba usikiguse. Unajua kanisani kwetu mambo yalivyo: mama anasimama kutoa ushuhuda, na kabla hajaongea anaanzisha pambio. Hamuulizi mtu. Anaanzia pale koo lake lilipoangukia asubuhi hiyo, na kanisa zima linampokea. Aliye kwenye kinanda hana haki ya kumvuta aje kwake. Yeye ndiye wa kumfuata. Ukizoea kitufe, siku utakapoketi kwenye piano ya shule isiyokuwa nacho, au mpiga gitaa akikuambia "do ni G" katikati ya wimbo, utabaki umeshika mikono.

Kumfuata si uchawi. Kutoka mi kwenda fa, na kutoka ti kwenda do, ni nusu hatua, yaani hadi kibonyezo cha jirani kabisa, kiwe cheupe au cheusi. Kwingine kote ni hatua nzima, nusu mbili. Ukianzia C vyeupe vinatosha, kwa kuwa E na F hazina cheusi katikati, wala B na C hazina. Sasa fanya G iwe do. Panda kwa vyeupe ukiimba: do, re, mi, fa, so, la, zote zinakubali. Ukifika F uimbe ti, utasikia sikio likikataa. Ti inataka kuikaribia do zaidi, basi panda hadi kile cheusi kilicho kulia kwa F. Kisha anzia F. Safari hii itakayokataa ni fa: B iko juu mno, shuka kwenye cheusi kilicho kushoto kwake. Nataka uyasikie mwenyewe makosa hayo mawili kwa masikio yako, usiyakariri tu.

Kordi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, zitakuja kwa urahisi. Do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re: kwa hizo tatu utaongoza mapambio mengi sana. Do ikiwa C, shika C, E, G. Ili uende kwenye fa, usiinue mkono: acha C ilipo, E isogee F, G isogee A. Ukirudi na kutaka so, acha G ilipo, C ishuke B, E ishuke D. Mkono wa kushoto upige sauti moja tu ya besi. Ngoma zilizomo ndani ya kinanda ziache kwanza, gonga mdundo kwa mguu. Na usiniambie mikono haielewani. Umemwona mpiga nyatiti: mikono yote miwili iko kwenye nyuzi nane, pete ya chuma kidoleni mwa mguu inagonga ala, na bado anaimba hadithi ndefu.

Kumtafuta mwimbaji, jizoeze hivi. Mama yako akiwa anapika, mwombe aanzishe wimbo wowote, na usimwombe apandishe wala ashushe. Sikiliza wimbo unapotua mwisho, maana nyingi hutua kwenye do. Ishike sauti hiyo kwa kuguna, kisha bonyeza C uone kama yako iko juu au chini, usogee kibonyezo kimoja kimoja mpaka zikutane. Akianza mahali pagumu penye vyeusi vingi, mfuate kwa besi pekee, do, fa na so, kordi zitakuja baadaye. Hata hivyo umemfuata.

Nikija Agosti nitaanzisha wimbo nikiwa bado mlangoni, kwa sauti yangu hii ya teno iliyochoka na safari. Nitafutie do yangu.

Baba yako