Mtuandikie ni stenti ya aina gani

Mhariri,

Magazeti yakiandika kuhusu kiharusi huwa ni yale yale, presha, chumvi, sigara, na si vibaya, lakini kuna maneno ya stenti za shingo, vile vijiwavu vya kufungua mshipa uliobana, sioni mtu akigusia.

Baba mdogo wangu hapa Mamboleo mkono ulimlegea ghafla akinywa chai, baadaye ukarudi, kumbe ni ule mshipa mkubwa wa shingo, karotidi, umejaa mafuta hadi damu inapita kwa shida. Tukaambiwa atawekewa stenti, tukapewa karatasi ya bei. Laini moja tu, "stenti 1", na pembeni bei yenye ilitufanya tuite harambee. Nikauliza ni ya aina gani, jamaa wa ofisi akasema stenti ni stenti.

Hapana bwana. Stenti ni wavu wa chuma, mara nyingi nitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titani), unafunguka wenyewe ukishafika ndani ya mshipa na unasukuma yale mafuta kando, sasa vipande vikimeguka vinapenya kwa matundu yake na damu inavibeba hadi kwa ubongo. Wavuvi wa Dunga hapa ziwani wanajua wavu wa mbuta, samaki mkubwa, haushiki omena wadogo. Kuna stenti za matundu wazi, zinajipinda vizuri na mshipa wenye kona lakini zinaacha mianya mikubwa, kuna za matundu yaliyofungwa, hizo zinazuia uchafu vizuri ila ni ngumu na kwa kona zinaweza kuukunja mshipa. Siku hizi ziko hata za safu mbili, zina wavu mwembamba sana juu ya chuma.

Mwaka wa 2008 kulitoka hesabu iliyojumlisha tafiti 32: waliopigwa MRI (picha ya ndani ya ubongo) baada ya stenti, asilimia 37 walipatikana na madoa mapya kwa ubongo, yaani sehemu ndogo zilizokosa damu, na waliopasuliwa shingo mshipa ukasafishwa ni asilimia 10. Kwa stenti zenyewe, za matundu yaliyofungwa asilimia 31 walikuwa na madoa, za matundu wazi asilimia 51. Haki isemwe, majaribio madogo yaliyolinganisha hizo mbili ana kwa ana hayakuonyesha tofauti kubwa hivyo. Lakini ile ya safu mbili ilijaribiwa Siberia kwa wagonjwa 100, matokeo yakatoka 2021, na madoa yalipungua kuliko kwa stenti ya matundu wazi.

Madoa mengi hayaumi, mtu anaamka anaongea vizuri, familia inaambiwa operesheni imefaulu. Mshipa umefunguka ni kweli, na ubongo nani ameuangalia? Kwa utafiti mkubwa wa ICSS, uliolinganisha stenti na upasuaji wa shingo, waliobaki na hayo madoa baada ya stenti walikuja kupata kiharusi au dalili zake zaidi ya wale hawakuwa nayo.

Sisemi watu wakimbie stenti, kuna mgonjwa moyo wake hauwezi kuhimili kisu. Lakini mzee wa miaka zaidi ya 70, kama huyu wetu, tafiti zinaonyesha mara nyingi upasuaji ni salama kwake kuliko stenti, na hiyo hatukuambiwa hadi tulipouliza wenyewe. Daktari ndiye anajua kona za mshipa wake, achague yeye, bora atueleze amechagua nini na kwa nini kabla hatujalipa.

Kwa hivyo naomba hospitali, za Kisumu na hata kule Nairobi tunakotumwa, kwa karatasi ya bei muandike aina ya stenti, muandike kama kuna kichujio cha kudaka uchafu wakati wa kuiweka, na kama MRI ya baadaye iko ndani ya hiyo bei ama tutaitiwa pesa ingine.

Msomaji wenu,
Mamboleo, Kisumu