Swichi zote mbili zilizimika, ripoti inasema “Imefanikiwa”

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Idara ya Matengenezo ya Mitambo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUSASISHWA KWA PROGRAMU DHIBITI YA SWICHI ZETU MBILI SAA ZA KAZI BILA TAARIFA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea kwa barua pepe ripoti yenu ya kazi ya Alhamisi iliyopita. Ni ukurasa mmoja. Penye “Matokeo” pameandikwa neno moja, “Imefanikiwa”, na muda wa kufunga kazi ni saa tano kasorobo asubuhi. Saa tano kasorobo ya Alhamisi hiyo nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati la mitambo hapa Tanga, simu nimeibana kwa kidevu ili tochi imulike. Nilikuwa naitazama swichi ya pili, mojawapo ya vifaa viwili vinavyogawa mtandao kwa wateja wangu: taa ya chungwa inawaka, inazima, inawaka tena, na feni zinavuma kwa nguvu zote kama mashine ya kusaga. Kila baada ya dakika moja na kitu inaanza upya. Kama huko ndiko kufanikiwa, naomba mnieleze kushindwa kunafananaje.

Niwape mtiririko wenyewe, maana naona hata ninyi kwa ninyi hamjaambizana. Mtandao wetu ni mdogo, una wateja 143: nyumba, maduka, nyumba za wageni, shule mbili na zahanati moja. Wote wanapita kwenye swichi mbili tulizonunua kwenu, na mkataba wa matengenezo unawapa ninyi ufunguo wa kuingia kutoka mbali. Saa nne na dakika kumi asubuhi swichi zote mbili zilijizima na kujiwasha kwa wakati mmoja. Hakuna aliyenipigia. Hakuna barua pepe, hakuna hata ujumbe wa simu wa mstari mmoja. Nilidhani ni umeme. Nikatoka nje kuangalia mita, nikakuta umeme upo na jirani anachomelea mageti yake kama kawaida.

Swichi ya kwanza ilirudi baada ya dakika sita, lakini ilirudi kama mtu aliyepoteza fahamu. Toleo jipya la programu dhibiti, ile programu ya ndani inayoiendesha swichi, halikuelewa sehemu ya mipangilio iliyoandikwa kwa toleo la zamani, likaitupa. Makundi yote ya VLAN, yanayotenganisha wateja ndani ya mtandao mmoja, yakapotea, na tundu linalopokea laini kubwa ya intaneti likarudi kwenye hali ya kiwandani. Kuanzia hapo hata ninyi mlikuwa mmejifungia nje, kwa sababu njia yenu pekee ya kuifikia swichi ilipita ndani ya swichi hiyohiyo. Ya pili haikurudi kabisa.

Nilipiga simu huduma kwa wateja mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa hakuna kazi yoyote inayoendelea kwenye mitambo yangu. Mara ya pili nikaambiwa nihakikishe swichi imechomekwa kwenye umeme. Mara ya tatu ndipo dada mmoja, Mungu ambariki, akaenda kuuliza mafundi, akarudi na kusema kwa sauti ya chini kwamba kulikuwa na “zoezi la kusasisha”. Hiyo ilikuwa saa sita kasorobo, saa nzima tangu ripoti yenu ifunge kazi.

Sasa niseme jambo moja ili tusielewane vibaya. Sipingi kusasisha. Najua swichi yenye toleo la zamani ni mlango usio na komeo. Aprili 2018 swichi za Cisco nchini Iran, Urusi na kwingineko zilifutwa mipangilio na wavamizi waliopitia huduma yake ya Smart Install iliyoachwa wazi, siku chache tu baada ya Cisco kutoa dawa ya udhaifu wa huduma hiyo. Waliochelewa kuchukua hatua ndio walioamka na mitandao mitupu. Kwa hiyo mngeniandikia kwamba kuna toleo jipya linaloziba tundu la usalama, ningewaambia njooni, hata leo. Ningeomba tu iwe saa tisa usiku, ningewaarifu wateja wangu, nami ningekaa macho pembeni ya kabati na chupa ya chai. Hivyo ndivyo mkataba unavyosema, kifungu cha matengenezo yaliyopangwa: taarifa ya maandishi siku tatu kabla, na kazi ifanyike kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri. Sikukiandika mimi kifungu hicho. Kimetoka kwenu.

Kuna mambo matatu yaliyofanyika asubuhi ile ambayo fundi wa mwaka wa kwanza angekemewa.

La kwanza ni kuruka toleo. Ijumaa nilifungua ukurasa wa mtengenezaji na kusoma maelezo ya toleo hilo. Ukurasa wa pili umeandikwa wazi kwamba swichi zenye toleo la zamani kama letu lazima zipitie kwanza toleo la kati, kwa sababu hilo ndilo linalobadilisha programu ya kuwashia. Bila hiyo, programu mpya inapakiwa lakini swichi haijui kuisoma, hivyo inaanza, inakwama, inaanza tena. Ndizo zile taa za chungwa. Kwa nini ya kwanza iliwaka? Kwa sababu ni ile mliyotubadilishia mwaka jana kwa dhamana, nayo ilikuja na programu ya kuwashia mpya. Ilikuwa bahati tu.

La pili ni kufuta njia ya kurudi. Swichi hizi zina nafasi mbili za kuhifadhi programu, kwa makusudi kabisa: mpya inakaa nafasi moja, ya zamani inabaki nyingine, na mambo yakiharibika unairudia ya zamani. Kumbukumbu za mtambo, zile nilizoweza kuzisoma baadaye kwenye swichi ya kwanza, zinaonyesha kwamba nafasi haikutosha, hivyo aliyekuwa kwenye kompyuta huko kwenu akafuta toleo la zamani na kuendelea. Nakala ya mipangilio hakuchukua. Mimi nilikuwa nayo kwenye kompyuta yangu, ila ya miezi mitatu nyuma, na hapo nakiri uzembe ni wangu. Wateja kumi na mmoja walioingia baada ya hapo ilibidi niwaandike upya mmoja mmoja.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi: kuzisasisha zote mbili kwa mpigo. Mhandisi wenu aliponipigia jioni alisema kufanya hivyo “kunaokoa muda”. Nilikumbuka kisa tulichofundishwa chuoni. Katikati ya Desemba 1989 kampuni ya AT&T ya Marekani ilipakia programu mpya kwenye mitambo yake yote 114 ya kuunganisha simu za masafa marefu. Karibu mwezi mzima kila kitu kilikwenda vizuri. Tarehe 15 Januari 1990 mtambo mmoja wa New York ulipata hitilafu ndogo, ukajizima, ukajiwasha kama ulivyoundwa kufanya, kisha ukawaarifu majirani zake kwamba umerudi kazini. Taarifa hizo zikawakuta majirani katika hali ambayo programu mpya haikuimudu, nao wakaanguka. Walipoinuka wakapeleka taarifa zao, wakaangusha wengine, na hata wale wa mwanzo wakaanguka tena. Ikawa hivyo kwa saa tisa. Kosa lilikuwa amri moja iliyowekwa pasipo mahali pake kwenye msimbo. Hapakuwa na mtambo wa kuwaokoa wenzake kwa sababu wote walikuwa wamelishwa chungu kimoja.

Wao walikuwa na mitambo 114. Mimi nina miwili. Nilijinyima mwaka mzima kununua ya pili, na muuzaji wenu ndiye aliyenishawishi kwa maneno haya: “Moja ikifa, dada, nyingine inabeba.” Ni kweli inabeba, ila si mkiziua pamoja.

Tena siku hiyohiyo ya mauzo niliuliza kuhusu modemu ndogo ya laini ya simu, ya kuingilia kwenye tundu la konsoli, lile la kuzungumza na swichi moja kwa moja kwa kebo, pale mtandao wenyewe unapoanguka. Nikaambiwa ni gharama isiyo na sababu kwa mtandao wa ukubwa wangu. Nawakumbusha kwamba Rogers ya Kanada, yenye wateja zaidi ya milioni 12, tarehe 8 Julai 2022 ilikwama katika kazi ya kuboresha mtandao wake, na mafundi wake wakapoteza muda mrefu kwa sababu mtandao wa kusimamia mitambo ulitegemea mtandao uleule ulioanguka. Ukubwa hauhusiki. Ni suala la kuacha ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba.

Mpaka saa saba mchana nilikuwa nimeirudisha ile ya kwanza kwa nakala yangu. Wateja wengi wakapata huduma. Lakini minara miwili midogo, mmoja upande wa Pongwe, imeunganishwa na swichi ya pili peke yake, na matundu ya faiba ya ile ya kwanza yamejaa. Hao walikaa gizani mpaka alfajiri ya Ijumaa. Mmoja wao ana steshenari. Mchana ule alikuwa na foleni ya vijana wanaotuma maombi ya chuo, na mama mmoja aliyefuatana na binti yake kwa daladala, bahasha ya vyeti kwapani, alikaa kwenye benchi mpaka saa kumi na mbili jioni ndipo akaondoka. Mwenye duka alinipigia, wala hakufoka. Alisema tu, “Bibie, leo mmenicheza shere mbele za watu.” Zahanati nao walishindwa kuhakiki kadi za bima kwa saa tatu, wagonjwa wengine walilipa taslimu, wengine wakarudi nyumbani.

Fundi wenu alifika saa moja usiku kwa basi, na naomba hapa mnisikilize vizuri: huyo kijana msimguse. Aliamkia shikamoo, akanawa uso, akaingia kazini bila kula. Ila mlimtuma bila kebo ya konsoli. Mtu anatumwa kilomita zaidi ya mia tatu kufufua swichi isiyo na mtandao, bila kebo pekee inayoweza kuzungumza nayo! Tuliazima kwa mwalimu mmoja wa chuo, saa mbili usiku, akiwa kwenye kanzu yake anatoka msikitini.

Faili ya kupakia ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 20 hivi. Tundu la konsoli kwa mwendo wake wa kawaida linapitisha biti 9,600 kwa sekunde, ambazo ni kama baiti 960. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta ya jenereta: karibu saa sita. Kijana akasema tupandishe mwendo wa swichi hadi 115,200. Tukapandisha, na skrini ikajaa takataka, alama za kuuliza na herufi zisizosomeka, moyo wangu ukashuka mpaka miguuni. Kumbe tulikuwa tumesahau kubadilisha upande wa kompyuta. Tulipobadilisha, maandishi yakatulia, na kupakia kulichukua nusu saa. Toleo la kati kwanza, halafu lile jipya. Mara mbili lilikataa katikati ya njia, tukaanza upya. Saa kumi alfajiri taa ikawa ya kijani, tukanywa chai ya rangi tumesimama. Saa nne asubuhi, kijana akiwa njiani kurudi, swichi hiyo ikajizima na haijawaka mpaka leo. Minara miwili sasa inaning’inia kwenye swichi ya kuazima yenye matundu manane.

Ninachotaka ni hiki. Ripoti irekebishwe, iandikwe kilichotokea na saa zake, kwa sababu wateja wangu wananidai maelezo na siwezi kuwaonyesha karatasi inayosema tulifanikiwa wakati wao walikuwa gizani. Nileteeni swichi nyingine ikiwa na programu iliyokwisha kupimwa, bila malipo, na modemu ile ya laini ya simu ifungwe kwa gharama yenu. Nimewarudishia wateja wote malipo ya siku mbili. Hesabu yake nimeambatanisha, nanyi mnilipe fedha hizo au mzikate kwenye ada ya mkataba ya robo hii, nitakubali lolote. Na gharama zisikatwe kwenye mshahara wa yule kijana. Nimesikia kwamba huwa mnafanya hivyo.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku kumi na nne, simu sitaki tena. Mkinyamaza, nitapeleka barua hii pamoja na kumbukumbu za mtambo kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwani leseni yenu ya kufunga na kutengeneza mitambo ya mawasiliano imetoka huko.

Nenosiri lenu la kuingia kutoka mbali nimelifunga tangu Ijumaa. Swichi iliyokufa ipo kwenye boksi chini ya meza yangu na namba yake ya kiwandani nimeiandika juu kwa kalamu nyekundu. Mtakayemtuma kuichukua aje na kebo ya konsoli, maana ile tuliyoazima nimeshamrudishia mwalimu.

Wenu katika kazi,

Mmiliki na msimamizi wa mtandao,
Tanga.