Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: usisaini kufunga mgodi kisa nyasi zimeota

Mheshimiwa Waziri, salaam, na pole na majukumu.

Naenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Mgodi wa makaa ya mawe ukifungwa kampuni inaleta ripoti yenye picha, kilima kimesawazishwa vizuri, kijani kila upande, na mwisho wa ripoti pana sehemu ya wewe kusaini ili warudishiwe dhamana yao, yaani pesa waliyoweka kuhakikisha wataitengeneza ardhi, waondoke. Ombi langu ni moja, usisaini kwa kuangalia picha. Agiza kwanza wachimbe shimo palepale, wakaguzi wako na wenyeji wakiwepo, waone kuna nini chini ya hizo nyasi.

Mimi nashughulika na udongo, na ardhi ya mgodi uliofungwa inadanganya sana. Unachoma beleshi linaingia kiganja hivi halafu linagonga kitu kigumu kama sakafu. Chukua sururu uendelee, unakuta mizizi ilishuka mpaka hapo ikashindwa ikakunja kwenda pembeni, na mvua ikinyesha maji yanatuama juu wakati chini ni pakavu kabisa. Hiyo ni kazi ya mashine. Katapila limeenda likarudi mara kibao kusawazisha vifusi ili mteremko upendeze, na kila likipita linazidi kushindilia. Sasa nyasi hazina makuu, ukimwaga mbegu na mbolea wiki chache tu pameshakuwa kijani, ila mti hautoboi hapo na mazao ndio usiseme.

Na jamani hili linatokea hata kwa watu wanaofuata sheria. Marekani walitunga sheria ya kurudisha ardhi ya migodi ya makaa mwaka 1977, sheria nzuri tu, walikuwa wamechoka na maporomoko na mashimo yaliyotelekezwa, basi wakaguzi wakakazania milima isimomonyoke, kampuni zikashindilia na kupanda nyasi, matokeo yake maeneo makubwa ya Appalachia, milima ya mashariki mwa Marekani, yaliyokuwa misitu yakabaki nyasi na vichaka mpaka miaka ya 2000. Mwaka 2004 ndio ukaanzishwa mpango wa kurudisha misitu, na sharti lake kubwa ni tabaka la juu, kama mita 1.2 hivi, liachwe limelegea, katapila lipite kidogo iwezekanavyo. Pale palipokwisha kushindiliwa inabidi warudi na katapila lenye jino refu la chuma kupachana upya, yaani wanalipia kazi mara mbili.

Nisieleweke vibaya, sisemi kifusi chote kiachwe hovyo. Kule Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966 rundo la vifusi vya makaa lililorundikwa juu ya chemchemi liliporomoka likaangukia shule, wakafa watu 144, na 116 kati yao ni watoto. Kwa hiyo kiini cha kilima kiwe imara na maji yatafutiwe njia ya kutoka, ulegevu ni kwa lile tabaka la juu ambalo mizizi inaishi.

Kuna na tindikali. Mawe mengi yanayokaa na makaa yana pairaiti, madini ya chuma na salfa, na yakiwa chini kabisa hayana shida na mtu. Ukiyatoa juu yakakutana na hewa na maji, na bakteria wakachochea, yanazalisha tindikali ya salfa, maji yanatoka mguuni pa kilima na rangi ya chungwa, samaki wanakufa. Chokaa inasaidia, ila ukimwaga juu juu kwenye kifusi chenye pairaiti nyingi baada ya muda tindikali inarudi. Mawe ya hivyo yanatakiwa yatengwe tangu siku yanapochimbwa, yafukiwe mbali na maji na hewa.

Udongo wa juu nao unaonewa. Unakwanguliwa siku ya kwanza, unarundikwa mlima, unakaa miaka, na ndani ya rundo hewa hakuna, fangasi wanaosaidia mizizi kula wanapungua na minyoo inakufa. Bora utolewe unapochimbwa ukatandazwe moja kwa moja sehemu iliyokwisha kufukiwa. Ikishindikana, marundo yawe mafupi na yapandwe mimea, na siku ya kuurudisha uongezewe mboji au samadi na kupandwa mikunde.

Kuhusu hela sitasema mengi. Dhamana iwe pesa halisi au iwe ya benki, isiwe ahadi ya kampuni kujidhamini yenyewe. Kampuni kubwa za Marekani zilizokuwa zimeruhusiwa kujidhamini, Alpha, Arch na Peabody, zote ziliomba kinga ya mufilisi kati ya 2015 na 2016, na majimbo yakabaki kuhangaika na madeni ya kurudisha ardhi. Na isitolewe yote haraka, kule kwao kampuni inabaki kuwajibika angalau miaka 5 tangu ilipopanda na kuweka mbolea mara ya mwisho, na kwenye maeneo makavu miaka 10.

Kwa hiyo Mheshimiwa, mashimo yachimbwe juu ya kilima, katikati ya mteremko na bondeni, kina kipite mita moja, sehemu ichaguliwe na mkaguzi na siyo kampuni. Wapime ugumu na pH, yaani kiwango cha tindikali, kila tabaka, maji yanayotoka chini yapimwe kiangazi na tena wakati wa mvua, na majibu wapewe wanaoishi jirani kwa lugha wanayoielewa. Wakikuta pagumu au pana tindikali dhamana ibaki kwako, warudishe mitambo wapachane na kupatibu, wapande, wasubiri, halafu ndio wakuletee tena hiyo karatasi.