Kwa vijana mnaoandika historia ya kata yetu: msifute sauti za wazee

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Muswada mlioniletea nimeusoma mara mbili na nimeufurahia. Kilichoninyima usingizi ni neno mlilolitupia mlangoni mkiwa mnaaga: kwamba rekodi za wale wazee kumi na mmoja mlishazifuta, kwa kuwa simu zilijaa na ya maana yote mlikuwa mmeshayaandika. Nawajibu hadharani kwa sababu najua si ninyi peke yenu mnaofanya hivyo.

Yupo mtu mmoja ambaye nimekuwa nikimsoma tangu nistaafu, Nikolai Karamzin, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1766 akakulia upande wa Simbirsk, kando ya mto Volga. Huyu hakuanza na historia. Alianza na hadithi, na alipendwa kwelikweli. Mwaka 1792 alitoa hadithi ya Liza, binti wa wakulima aliyempenda kijana wa kiungwana, akaachwa, akajitosa bwawani. Watu wa Moscow walikuwa wakitoka mjini kwenda kwenye bwawa lililo karibu na monasteri ya Simonov, wanalia, wanachonga maneno kwenye magome ya miti. Mwandishi aliyefika hapo angeweza kula jina lake mpaka uzeeni. Yeye mwaka 1803 aliomba kazi nyingine kabisa: Tsar Alexander I, mfalme wa Urusi, akamteua kuwa mwandishi wa historia wa dola, kwa posho ya rubli 2,000 kwa mwaka. Hadithi akaziweka kando. Miaka 22 iliyobaki ya uhai wake ilikwenda kwenye kitabu kimoja, Historia ya Dola ya Urusi.

Chumba alichoandikia sehemu kubwa ya kitabu hicho, katika nyumba ya wakwe zake huko Ostafyevo nje ya Moscow, kimeelezwa na waliokijua. Kuta zimepakwa rangi nyeupe, hazina pambo. Dirishani meza kubwa ya msonobari, haina kitambaa, na kiti cha mbao. Ukuta wa pili, mbao zimelazwa juu ya vitegemeo, na juu ya mbao hizo maandiko na vitabu vimetapakaa. Kabati hakuna. Nawaambia haya kwa sababu mliniomba niwasaidie kutafuta ofisi.

Majuzuu manane ya kwanza yalitoka mwaka 1818, nakala 3,000, na katika muda wa kama mwezi mmoja zilikwisha. Mshairi Pushkin, aliyekuwa kijana wakati huo, aliandika baadaye kwamba Karamzin aliigundua Urusi ya kale kama Columbus alivyoigundua Marekani. Lakini wasomaji wengi walisoma masimulizi yale matamu wakaishia hapo. Mimi nataka muangalie nyuma ya kitabu. Huko kuna maelezo ya ziada zaidi ya 6,500, na humo Karamzin ameweka maneno ya vitabu vya kale vya mambo ya nyakati, yaani kumbukumbu za matukio ya mwaka baada ya mwaka, kama alivyoyakuta, kwa lugha yao ya zamani, pamoja na kutaja ameyatoa wapi. Kazi ya kuchosha macho.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1812 jeshi la Napoleon liliingia Moscow na mji ukateketea. Maktaba ya Karamzin, aliyoikusanya kwa miaka mingi, iliungua yote. Alimwandikia rafiki yake Ivan Dmitriev kwamba imekuwa majivu, ila Historia imesalimika. Katika moto huohuo kiliangamia kitabu cha mambo ya nyakati cha Utatu, kilichoandikwa kwenye ngozi mwanzoni mwa karne ya 15, habari zake zikifika mwaka 1408. Nakala nyingine hakikuwa nayo. Karamzin alikuwa amekitumia kabla ya moto, na maneno yake alikuwa ameyanakili kwenye maelezo yale ya nyuma. Zaidi ya karne moja baadaye mwanahistoria Mikhail Priselkov aliketi akayaokota maneno hayo, akayaunga na maandiko mengine ya jamii yake, akakijenga upya kitabu kilichoungua. Kazi hiyo ilichapwa mwaka 1950. Hebu fikirini kama Karamzin angesema: ya maana yote nimeshayaandika.

Na pale ambapo Karamzin hakunakili, sehemu kubwa ya maneno yenyewe ya kitabu cha Utatu imekwenda moja kwa moja.

Uchungu huo naujua. Nikiwa mwalimu kijana, miaka michache baada ya Operesheni Vijiji, shule niliyopangiwa ilikuwa na rejesta ya zamani iliyoonyesha kila mtoto ametoka kitongoji gani kabla watu hawajahamishwa. Nilinakili kurasa nne kwenye daftari. Safu ya mlezi niliiruka, nikaandika kwa kifupi: wengi ni wa ukoo mmoja. Muda mfupi baadaye stoo ilisafishwa na makaratasi yote yakachomwa nyuma ya jiko. Hadi leo watu huja kwangu kuuliza aliyemlea babu yao ni nani, nami nawaonyesha jina la mtoto, jina la kitongoji, na ile sentensi yangu isiyomfaa mtu.

Sitaki mumfuate Karamzin katika kila kitu. Alikuwa mtu wa kiti cha enzi, na mfumo wa kuwamiliki wakulima aliutetea. Kitabu alikitabaruku kwa Tsar akisema historia ya taifa ni mali ya mfalme, na kijana mmoja ofisa wa jeshi, Nikita Muravyov, akamjibu kwamba historia ni mali ya watu. Hapo niko na Muravyov bila kusita. Na ninyi mnapoandika sura nzima juu ya mwenyekiti na mistari mitatu juu ya wanawake waliochimba kisima, mjiulize mko upande gani. Hata hivyo mtu huyuhuyu wa Tsar, katika juzuu la tisa la mwaka 1821, alieleza waziwazi mauaji yaliyofanywa na Tsar Ivan wa Kutisha, kwa sababu maandiko aliyoyashika yalisema hivyo.

Juzuu la kumi na mbili hakulimaliza. Sentensi ya mwisho aliyoiandika inahusu ngome ya Oreshek, kwamba haikusalimu amri. Akafa mwaka 1826, habari za 1612 zikiwa bado mbele yake.

Kati ya wazee wenu kumi na mmoja, wanane wako hai. Rudini kwao kabla ya masika. Mnapoandika, andikeni walivyosema, pamoja na neno la kikwetu msilolielewa, tarehe, na aliyekuwa ameketi pembeni akimsahihisha. Rekodi ziwekeni sehemu mbili. Gharama ya kadi za kumbukumbu nitaitoa mimi, msinishukuru. Na lile daftari langu lina nakala moja tu, limo kabatini. Jumamosi baada ya saa nne nipo nyumbani, njooni wawili na kalamu mlinakili.

Mwalimu wenu mstaafu